Siku Niliyokutoa Kwenye Grupu

Skola mwanangu,

Basi lako linaondoka alfajiri, na mama yako amekwisha kukuambia yote ya kuambiwa: chandarua, vyeti kwenye mfuko wa ndani, usinunue chakula cha stendi. Mimi hayo siyarudii. Tangu mchana namsikia jikoni anakaanga maandazi ya safari huku anatoa maagizo kwa mtu ambaye hayupo, maana wewe umekwenda kijijini Kisawasawa kumuaga shangazi yako. Nimeshukuru umekwenda. Ukiwa humu ndani siwezi kuandika. Unapita unasema "shikamoo baba", mimi naitikia marahaba, na hapo mazungumzo yetu ya siku nzima yamekwisha.

Ningeweza kukutumia kwenye simu, lakini ya simu nimeyaona. Nakuandikia kwenye kurasa tupu za mwisho za daftari la mahudhurio ya jumuiya yetu ya sala, ndiyo maana utaona mistari ya safu na mahali pa kuweka alama. Daftari lenyewe nalirudisha kesho, na sikutaka kurasa hizi zije zitumike kwa kazi ile niliyokuwa nikiifanya mimi.

Kuna jambo la Mama Deo unalodhani unalijua, na hulijui. Mwezi mzima umenikasirikia kwa kosa dogo, hasira yako ikawa sawasawa na kosa hilo, na mimi nikaipokea kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi kuliko aliyostahili na akaitia mfukoni. Kesho ukipanda basi hujanijua, basi hutanijua tena. Umemwambia mama yako kwamba likizo hutarudi. Ameniambia. Hakunificha, na wala hakuniambia kwa upole.

Nianzie mbali kidogo. Ulipozaliwa, mama yako alipasuliwa na kidonda kikaoza. Alikaa hospitali hapa Ifakara mpaka nikazoea njia ya kwenda wodini hata gizani. Wewe ulikuwa mdogo kama kuku wa kienyeji, unalia usiku kucha, na mimi sijui hata kukushika. Mama Deo, jirani tu, hata undugu hatuna, alikuja na Deo wake mgongoni, akakaa kwenye kigoda changu akasema nipe huyo mtoto. Deo alikuwa na mwezi mmoja. Ziwa la kulia akampa Deo, la kushoto akakupa wewe, na ikawa hivyo kila siku mpaka mama yako alipoweza kukaa kitandani. Hayo unayajua, umeambiwa tangu mdogo, na ndiyo sababu ukamwita mama bila kufundishwa. Nayaandika kwa sababu yangu mimi. Nataka uone nimeyakumbuka vizuri, na kwamba nilikuwa nayakumbuka wakati wote nilipokuwa nafanya niliyoyafanya.

Mwaka jana, masika, Deo akaenda Kivukoni na wenzake kutega nyavu, mtumbwi ukapinduka, na mto ulimrudisha siku ya tatu. Wewe ulikuwa shuleni bweni, ukaja mazishini ukarudi. Mama Deo hakulia sana mbele ya watu. Jumamosi iliyofuata alikuja jumuiya. Akaja na nyingine. Aliimba na sisi, alisoma somo alipopangiwa, tukawa tunasema tazameni mwanamke mwenye imani. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kanisani siku ya kutoa taarifa za jumuiya. Nilijisifu naye kabisa.

Kisha mwaka huu, kabla hujamaliza mitihani ya kidato cha sita, Paroko akatangaza kwamba Kanisa linataka kusikiliza watu wake. Kila jumuiya ikae, watu waseme wazi yaliyo moyoni, kinachowaumiza, kinachowakwaza, bila kuogopa. Viongozi wakusanye maoni wayatume kwenye grupu la viongozi wa parokia. Tangazo zuri. Sina neno na Paroko hata sasa. Zamu ya sala Jumamosi ile ilikuwa kwetu, hapa sebuleni, kwenye hiki kiti ninachoandikia.

Sasa nikuambie kitu ambacho nimekuficha miaka. Sikio langu la kulia limekufa. Mashine ya kukoboa mpunga imelila kidogo kidogo, na la kushoto nalo linachechemea. Nilikuwa mwenyekiti, na kwa kuwa katibu wetu alihamia Mlimba, kuandika nako nikaandika mimi. Watu wakisema kwa sauti ndogo nilikuwa naandika ninachokisia. Ningesema tu, jamani mimi sisikii, ongezeni sauti. Lakini mwenyekiti asiyesikia, siku ya kusikilizana, ningeweka wapi uso wangu? Nikaiwasha simu kurekodi, nikaiweka kifudifudi juu ya Biblia, nikajisemea nitasikiliza baadaye taratibu. Sikumwambia mtu.

Walisema mambo ya kawaida. Kwaya inachagua watu, mahubiri ni marefu, vijana hawaji. Kisha Mama Deo akaomba kusema. Alisema hivi, nimeisikiliza tena leo kwa sikio langu la kushoto: "Mimi tangu mwanangu afe sisali. Nakuja, naimba, nafumba macho, lakini ndani hamna kitu. Nikisema Baba Yetu naona namwambia mtu aliyeninyang'anya. Sijui kama bado ni Mkristo. Mmesema tuseme wazi, basi nimesema, nisaidieni." Halafu akalia, kilio kile ambacho hakukilia makaburini.

Mama yako alikwenda akamshika. Ilikuwa sala ya kweli kuliko zote nilizowahi kuongoza, na mimi nilikuwa nusu nasikia, nusu nawaza kama simu ina chaji.

Wiki iliyofuata ndipo mavuno yalipopamba moto. Foleni ya mpunga ilitoka mashineni mpaka barabarani, pumba hadi kwenye kope, na kwenye grupu la viongozi wananikumbusha: mwenyekiti, maoni yenu bado. Sikuwa na muda wa kukaa kuandika. Nikachukua sauti nzima kama ilivyo, nikaituma, nikaandika chini yake kwamba maoni ya jumuiya yetu ndiyo haya, naomba radhi kwa kutoandika. Nikairudisha simu mfukoni nikaendelea kumimina mpunga. Ni mimi, Skola. Mimi ndiye niliyetoa sauti ya Mama Deo nje ya nyumba hii. Katekista Gervas, uliyemtaja wewe, hana mkono wowote.

Nani katika viongozi wale aliikata na kuisambaza, sijui mpaka leo, na nimeacha kutafuta, maana nikimpata nitapata mtu wa kumlaumu na nitafurahi. Kipande kilichozunguka ndicho ulichokisikia wewe uliporudi kutoka shuleni: kinaanza anapoanza yeye, kinaishia anapolia. Kikaenda kwenye magrupu ya kwaya, ya vikoba, kikafika kijiji cha Mbingu kwa kaka yake kabla ya Jumapili. Watu wakamtumia mistari ya Biblia. Wengine wakaja na rozari mpaka mlangoni kwake kumwombea pepo litoke. Sokoni, upande wa wauza samaki, akapewa jina, sitaliandika hapa. Na wale wa jumuiya yetu, waliokuwa sebuleni hapa, walioona alivyolia, ndio waliotuma vikatuni vya mikono ya kusali, mistari mitatu mizima ya mikono.

Usiku ule niliposikia kimesambaa nilijaribu kuifuta sauti kule nilikoituma. Nikabonyeza hapa na pale, ikafutika kwenye simu yangu tu, kwa wengine ikabaki. Sikujua namna ya kufuta kwa wote. Ningekwenda kuamsha kijana yeyote wa jirani anifundishe, ila ningemwambia nafuta nini?

Siku chache baadaye Mama Deo alikuja mashineni na gunia lake la mpunga. Lilikuwa halijajaa hata nusu, nikajua hakuja kukoboa. Alisogea karibu, akaniambia kitu. Mashine ilikuwa inanguruma. Akarudia, na midomo yake niliisoma vizuri kabisa: "Mwenyekiti, nani alitoa maneno yangu?"

Nikamwonyesha sikio. Nikatikisa kichwa, nikacheka kidogo vile watu wasiosikia tunavyocheka, nikaelekeza kidole kwenye mashine kana kwamba ndiyo yenye makosa. Swichi ilikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Uziwi nilioufichaficha miaka yote nisionekane mzee, siku ile niliutoa hadharani nikauvaa. Alinitazama akasubiri. Baadaye akajitwika gunia lake hivyo hivyo bila kukoboa akaondoka. Kosa la kutuma lilikuwa la haraka na ujinga. Hili nililifanya taratibu, namtazama usoni.

Hapo ndipo alipoacha kuja jumuiya. Na mimi kila Jumamosi nikafungua daftari hili, nikafika kwenye jina lake, nikaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Sikuruka hata wiki moja. Hakuna aliyeniuliza na mimi sikujiuliza, nikasema kila mtu anatunza nafsi yake. Wewe ulikuwa unakwenda kwake kila jioni, unamsuka, unateka maji, mnacheka huko ndani mpaka mama yako anaona wivu. Ulikuwa unarudi unanitazama kama mtu anayetaka kuuliza, nami nawasha redio. Sikujua kwamba alikuwa amekwisha kuamini ni Gervas, kwa vile Gervas alifundisha siku moja juu ya watu wanaosali kwa midomo. Amekufa akiamini hivyo. Alimchukia mtu asiyehusika, na mimi niliyehusika alikuwa akinisalimia.

Bibi yako, mama yangu mimi, ambaye hukumkuta, aliwahi kusimama kanisani katikati ya misa akamwambia padre wa enzi hizo kwamba padre, tumekuelewa, sasa tuachie, mpunga uko juani na wingu lile. Kanisa zima likacheka, padre akacheka, akafupisha. Nilikuwa mtoto, niliona aibu nikataka kuingia chini ya benchi. Mdomo wako umetoka kule. Siku hizi nawaza kwamba hata leo mtu angeweza kusimama namna ile, na sisi tungemrekodi.

Presha ilipomwangusha Mama Deo, wewe ndiye uliyemkuta. Sitarudia. Jioni ile kaka yake alikuja kutoka Mbingu na pikipiki, vumbi mpaka nyusi, akaketi hapa akaomba barua ya jumuiya ili Paroko aje kuzika. Unajua utaratibu wetu: asiyeshiriki jumuiya miezi mitatu bila udhuru, hana barua, na bila barua hakuna misa wala kwaya. Ni sisi wenyewe tuliupitisha, kuwatia watu adabu. Nikafungua daftari. Alama nyekundu zilikuwa zimejipanga pale kama mbegu, na nilizipanda mimi. Nikamwambia kaka yake, taratibu ni taratibu.

Ningeandika udhuru. Kulikuwa na nafasi, safu ya mwisho kabisa, imeandikwa "sababu". Ningeandika nini, Skola? Sababu ilikuwa mimi. Ningeanza kuandika pale, watu wangeuliza, na nyuzi zingefumuka mpaka mashineni. Hivyo nikamnyima mwanamke aliyekunyonyesha barua ya kuzikwa ili mimi nisiulizwe swali. Kaka yake alisema sawa baba, akainuka. Hata chai hakumaliza.

Sikwenda makaburini. Nilijisingizia kwamba kiongozi hawezi kuonekana mahali ambapo jumuiya haipo. Mama yako alivaa kanga zake akanipita hapa akaenda. Aliniambia baadaye kwamba Bwana Salumu wa duka la kona alifunga duka akaja na vijana wake wawili na majembe, wakachimba, hakuuliza padre yuko wapi. Kwaya ilikuwa imekatazwa, na wewe ukasimama ukaimba peke yako, sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu, ukirukia huku na huku palipokuwa na pengo. Mama yako alilia aliponisimulia. Mimi nilisema, alipaswa kuheshimu utaratibu. Mdomo wangu huu.

Kesho yake ukaandika kwenye grupu la jumuiya. Niliufuta ujumbe ule lakini siwezi kuusahau: "Shikamooni wazazi wangu. Mama Deo mlimfukuza nyinyi kwa kumcheka, leo mnasema alijitenga. Aliyemrekodi akamsambaza ni katekista na anajijua. Mlisema tuseme wazi. Nimesema."

Niliusoma mara moja. Na safari hii, mwanangu, nilijua kufuta kwa wote. Nilikuwa nimejifunza kimyakimya, baada ya ile ya kwanza, na mtu wa kwanza niliyemfanyia mazoezi ni wewe. Nikafuta, nikakutoa, nikafunga grupu ili waandike viongozi peke yao. Kisha nikaandika kwamba grupu hili ni la taarifa na si la malumbano, tusiwasingizie watumishi wa Mungu, wazazi tuwafunde vijana adabu, tumsifu Yesu Kristo. Nilikutoa kwa kosa la kumsingizia mtu, na mtu aliyejua kwa hakika kuliko wote katika jumuiya kwamba umesingizia, na kwa nini, alikuwa ni mimi. Sifa zikaja kwa simu na kwa miguu. Mwenyekiti umesimama imara, hata kwa damu yako. Nitakuambia ukweli, nilijisikia vizuri. Ilidumu kama muda wa kikombe cha chai.

Ulikuwa chumba cha pili. Ukatoka na simu mkononi, ukauliza, "Baba, umenitoa?"

Nikasema, "Nimekutoa kwa faida yako."

Ukasema, "Sawa baba." Tangu siku ile, zaidi ya shikamoo, sijasikia kingine.

Wiki iliyofuata Gervas alikuja mashineni. Watoto wa mafundisho walikuwa wameanza kumzomea njiani, kwa sababu kufuta hakufuti vichwani mwa watu. Yeye hakuongea na kelele ya mashine. Alikwenda mwenyewe akazima swichi, zile hatua mbili, akaniambia: "Mwenyekiti, mimi niko grupu la viongozi, niliona nani alituma. Nimenyamaza kwa heshima yako. Sasa niambie, ninyamaze mpaka lini?" Nikamwambia anipe muda kidogo, mpaka wewe uondoke. Unaona nilivyo? Nilitaka usafiri bila kujua. Nilipanga kukutuma duniani na uongo wangu kwenye begi, pamoja na maandazi.

Jana, mashine ikiwa imezimwa, nikaitafuta ile sauti ndefu, nzima, ambayo haijakatwa. Niliyoifuta ilikuwa ya kwenye grupu tu, hii ilikuwa bado mahali ilipohifadhiwa kwenye simu. Nilitaka tu kumsikia Mama Deo. Sikukumbuka kuna kitu baada ya kilio chake. Kipo. Kuna kiti kinasogezwa, halafu ni sauti yangu mimi, nzito, ya kiongozi: "Asante mama. Hapa ni nyumbani. Hakuna kitakachotoka nje ya mlango huu." Na simu ninayomwambia hivyo mbele yake inaendelea kurekodi.

Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Nikaja nyumbani nikamweleza mama yako yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Na alikunyonyeshea mtoto." Akarudi kuchambua mchele wako wa kwenda nao.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Gervas. Nilimwomba radhi mbele ya mke wake. Akasema, "Mimi nimeshasamehe. Wa kuombwa amelala kule." Na wewe una la kwake, Skola. Hapa nakuambia kama baba, ingawa nafasi ya kukuambia hivyo nimeiharibu mwenyewe: ulimtaja mtu hujamwendea. Nyumba yake ni dakika tano kutoka hapa. Ungemuuliza, angekujibu, na ungejua kila kitu tangu siku ile. Ulichosema juu yetu sote kilikuwa kweli, jina tu ndilo lililokuwa la mwingine, na jina hilo lina watoto. Mpigie ukifika. Usimwandikie.

Huko chuoni watakuingiza kwenye magrupu mpaka simu ijae, ya darasa, ya bweni, ya vijana Wakatoliki. Sikukatazi kusema. Nilikwisha kukukataza na unaona tulipofika. Ninachokuomba ni kwa ile siku ambayo wewe ndiye utakayekuwa umeshika daftari, na utalishika, mtu mwenye mdomo kama wako hawamwachi akae nyuma. Atakuja mtu aseme sisali, au nimechoka, au sijui kama bado ni mmoja wenu. Kama husikii vizuri, mwambie husikii. Zima mashine. Ni hatua mbili tu, na mimi zilinishinda.

Saa kumi jioni ya leo nimelifungua grupu la jumuiya kila mtu aweze kuandika. Nimeandika kwamba mimi mwenyekiti wao ndiye niliyerekodi sauti ya Mama Deo na kuituma nje, Katekista Gervas hana kosa, barua ya mazishi nilimnyima nikijua kwa nini hakuwa anakuja, binti yangu nilimtoa humu ili mimi nisiulizwe, na uenyekiti nauacha. Nimesoma mara tatu kabla ya kutuma.

Alama zikageuka bluu. Nikasubiri. Nilikuwa tayari kwa matusi, Skola, nakuapia, nilikuwa nayangoja kama mtu anavyongoja mvua. Wa kwanza akaandika: Amina. Wa pili: Amina mwenyekiti, Mungu akubariki. Kisha Amina nyingine, na nyingine. Mmoja akatuma picha ya maua ya kututakia jioni njema. Mwingine akauliza, kama mwenyekiti anaachia, ratiba ya usafi wa kanisa atatoa nani. Nikaandika, jamani, mmesoma? Wakajibu, tumesoma, Amina.

Ndilo grupu nililolilinda kwa kukutoa wewe.

Sijakurudisha humo. Kukutoa sikukuomba ruhusa, kukurudisha nitaomba, na ukikataa nitaelewa. Likizo ukija, chumba ni chako. Usipokuja, mama yako atakuja kwako, na mimi nitabaki na kelele yangu ya mashine, ambayo ndiyo saizi yangu. Kesho alfajiri nitabeba begi lako mpaka stendi na hatutaongea, kwa sababu barua hii itakuwa chini kabisa, chini ya mchele, na utaikuta umeshafika. Hata hapo ni woga. Nimekwambia nilivyo.

Ukishaisoma, kaa nayo utakavyo. Niulize, nilaumu, nigombeze kwa heshima au bila heshima, mpigie mama yako simu umwambie hutaki kunisikia. Kaa kimya mwaka mzima kama ndicho ulicho nacho. Katika jumuiya ile nzima, wewe ndiye peke yako uliyewahi kuandika kitu ulichokuwa unakimaanisha. Basi chochote kile, mwanangu. Ila usiniandikie Amina.

Baba yako,
Kasiani